Nimeona

Fomu ya ajali ina kurasa sita.
Jina la majeruhi: Shigela Kiyungi.
Kazi: mpanga mabehewa, yadi ya Tabora.
Saa: kumi kasorobo usiku.
Kisha, chini kabisa, "Chanzo",
na mistari miwili tu,
mifupi kama mkia wa mbuzi.

Bwana Ntahondi amekwisha niambia cha kujaza.
"Andika uzembe, Nyamizi. Aliingia kati ya mabehewa
kabla hayajatulia. Kanuni anaijua,
mwenyewe ndiye anayewafundisha vijana."
Halafu akashusha pumzi: "Ajali haina kinga."

Hii ilikuwa nayo.
Ilikuwa stoo, kwenye kabati la bati,
betri kumi na mbili mpya ndani ya karatasi zake,
na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtunza stoo,
na mtunza stoo alikuwa Sikonge, arobaini ya shemeji yake.

Nafungua daftari la zamu.
Tarehe tatu: "Taa namba nne hafifu."
Tarehe saba, mwandiko mwingine: "Taa namba nne bado."
Tarehe kumi na moja, kalamu imekandamizwa
hadi karatasi imetoboka: "TAA NAMBA NNE."
Na pembeni, mara tatu, kwa wino wa kijani,
neno moja na sahihi: "Nimeona."
Sahihi ni yangu.

Usiku ule ilikuwa zamu yake ya pili mfululizo.
Kaseko ana homa, Lubisha kahamishiwa Kaliua,
nami mpanga ratiba nikayatazama majina
kama mtu anavyotazama unga uliobaki kwenye debe,
nikasema: Shigela ataweza.
Shigela huweza siku zote.
Huo ndio ubaya wake.

Mwezi wa nne tulimpigia makofi
kwa kuunga mabehewa kumi na manne kwa dakika ishirini.
Hakuna aliyeuliza dakika alizookoa alizitoa wapi.
Alizitoa pale pale, katikati ya chuma na chuma,
kidogo kidogo, kila usiku,
na kila usiku chuma kilikubali kumkopesha.

Gari moshi la Mpanda lilikuwa limechelewa saa tatu.
Abiria wamelala juu ya mafurushi na madumu ya asali,
simu ya mezani inalia: Bado? Bado?
Redio moja kwa watu wawili.
Dereva aliona mwanga, au alidhani ameona;
mwanga hafifu hausemi simama, hausemi njoo,
unasema lile unalolitarajia.
Alitarajia njoo.

Asubuhi nilimkuta Kitete,
mkono wa kushoto umeishia kwenye bandeji.
Mkewe alikuwa amemletea michembe ya karanga, imepoa.
Hakulia. Aliniuliza,
"La Mpanda liliondoka saa ngapi?"
Nikashindwa kumwambia kwamba liliondoka,
kwamba walimwaga mchanga juu ya reli
likaondoka.

Basi, mistari miwili.
Nikiandika uzembe, neno litatosha na nafasi itabaki.
Nikianza na betri, nitamtaja mtunza stoo,
na nikimtaja yeye nitafika kwa aliyekataa ufunguo wa akiba,
nitafika kwenye simu, kwenye makofi,
kwenye wino wa kijani,
nitatoka nje ya kisanduku, nje ya ukurasa,
nitaandika juu ya meza.

Nimeandika: "Tazama viambatisho."
Kiambatisho cha kwanza nimekianza kwa jina langu.

Saa kumi na moja jioni Bwana Ntahondi kachungulia:
"Ratiba ya kesho iko wapi?"
Zamu ya usiku inataka watu watatu.
Ninao wawili, na mmoja wao amekesha jana.
Kalamu ya kijani inaijua njia, mkono uliteleza wenyewe
hadi kwenye jina lake, nikaushika.
Nikaandika, kwa herufi kubwa, mara mbili: HAYUPO MTU.
Nikampelekea atie sahihi.

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu.
"Nimeona," akasema.