Barafu Nne

Usiniambie imekufa, Mama Yudita.
Kufa ni neno la mwisho, nami ndiyo kwanza nafika.
Niambie ilivyonyamaza:
kama aliyesusa, au kama aliyelala?
Taa ya ndani inawaka? Inawaka.
Basi umeme haujakuhama.
Tega sikio mgongoni mwake.
"Inaguna, fundi. Kisha tk. Kisha kimya.
Baada ya kitambo inaguna tena, tk, kimya."
Sawa. Chomoa.
Umeme hauna shemeji.

Nkuhungu, saa nne, upepo wa Septemba
unahamisha kiwanja cha jirani kuja sebuleni.
Naivuta friji kutoka ukutani
na kwenye wavu wa nyuma naikuta Dodoma nzima:
vumbi jekundu, manyoya ya kuku,
tiketi ya basi la Mpwapwa, kijiko.
"Kijiko changu!"
Nasugua kwa mswaki mzee.
Friji nayo hupumua, mama.
Usiibane ukutani kama mgeni usiyempenda,
iachie shibiri moja.

Naomba noti ya elfu.
Ananitazama: malipo yameanza?
Hapana. Naifungia mlangoni, nusu ndani nusu nje,
naivuta. Inateleza kama ahadi ya mdeni.
Raba imechoka. Tutaikanda kwa maji ya moto,
itakumbuka umbo lake.
Ila kisu usikiguse.
Yule wa Ipagala alichokonoa barafu kwa kisu,
akasikia sss, akadhani nyoka.
Ilikuwa gesi
na ada ya muhula wa pili, vikitoka pamoja.

Ugonjwa wenyewe uko ubavuni mwa kompresa:
rilei, kidude cha kutosha kiganjani.
Naitikisa sikioni. Inalia
kama punje za uwele ndani ya kibuyu.
Rilei nzima hailii.

Ndoo mbili za juisi ya zabibu zimekaa kivulini
na kengele ya shule ni saa saba.

Majengo, duka la kwanza: haipo.
La pili: ipo, ya pini mbili; yangu tatu.
La tatu, kijana hainui macho kwenye simu:
"Dar. Kesho kutwa, na basi. Elfu thelathini na tano."
Kesho kutwa zabibu itakuwa siki.
Namba ya friji nimeinakili mkononi kwa kalamu,
herufi tano na kitu ambacho ni nane au ni B,
jasho linaanza kuamua.

Kwa Sogoli, Chang'ombe, nyuma ya ukuta,
friji zimesimama bila nyaya,
kuku wanatagia kwenye droo za mboga.
"Ile ya kijani," anasema. "Ya marehemu Foibe wa Makole."
Nafungua mlango nipate mwanga,
na ndani ya mlango kuna daftari la madeni kwa wino wa bluu:
Dorika, maziwa, mawili.
Mwinjilisti, mia tano.
Lukas Ndahani, barafu nne.

Barafu nne.
Mwezi ule wa surua tulikuwa wanne kitandani,
na baba alirudi amekumbatia mfuko unaodondoka,
akatuwekea kila mmoja yake kwenye paji la uso.
Hakusema alizipataje.
Nilidhani baba alikuwa na pesa.

Natikisa rilei ya Foibe. Kimya.
Pini tatu. Na ilikuwa B.
"Elfu nane," anasema Sogoli.
Nampa kumi. Anatafuta chenji mfuko huu, mfuko ule.
Acha, namwambia. Foibe ana watoto?
"Binti, anauza mkaa hapo njiani."
Basi mpe hizo mbili. Ni za barafu.
Anainua nyusi; sijaeleza.
Natoa kalamu, nafuta mstari mmoja.

Saa sita na nusu, Nkuhungu: inaguna
na haiachi.
Mama Yudita tayari amebeba ndoo.
Bado, mama, bado, iache kwanza ipoe yenyewe.
Leo watoto watakunywa ya vuguvugu.
Fedha yangu ananipa nusu.
Nusu nyingine, anasema, andika.
Wapi? nauliza.
Anafungua mlango.