Sekunde Mbili

Kithinji haketi kwenye kikao cha asubuhi.
Husimama kando ya ubao, kalamu mdomoni
kama sigara aliyoiacha, akatuuliza
kwa nini wenzetu wa ng'ambo ya barabara
walikuwa na moto wa Gikomba kabla moto wenyewe haujawaka.

Anataka tuwe wa kwanza. Anataka tuwe wa pekee.
Anataka gari lisitoke, maana mafuta ya mwezi huu
yaliisha tarehe kumi na moja.
Anataka picha za angani. Droni yetu
iko kwa fundi tangu Pasaka, bawa limefungwa selotepu.
"Mna simu," anasema. "Pandeni juu ya kitu."

Omoke alipanda. Alipanda tangi la maji kule Mukuru,
akayapiga picha matingatinga yakitafuna mabati,
na kadi ya kumbukumbu akamkabidhi mtu wa boda
aliyeambiwa tu: ghorofa ya nne, uliza Nduta, lifti ni mbovu.

Imenifikia saa kumi na mbili na dakika ishirini na tatu,
inanuka petroli, imefungwa kwa karatasi ya chapati.
Taarifa ni saa moja kamili.

Sasa tuko wawili katika chumba kisicho na dirisha:
mimi, na Syombua, dakika kumi na moja za Syombua.
Amesimama palipokuwa na mlango wake. Ameushika mlango,
mlango wenyewe, ndio aliouwahi,
ameuegemea kama mtu anayesubiri kufunguliwa.
Anahesabu: kitanda, jiko, cherehani ya mkopo,
bado awamu tatu.
Kisha anamgeukia Omoke: "Na nyinyi, mmekula?"

Simu inatetemeka mezani. Kithinji.
Mama nipe sekunde kumi na nne. Awe analia.
Inatetemeka tena.
Tangazo la rangi za nyumba limeingia. Fanya tisa.

Halii.
Nimemtafuta kilio mbele na nyuma,
nikiupekua uso wake
kama mwizi anayepekua koti la mgeni.
Halii. Anahesabu tu.

Mshahara wa mwezi jana ulikuja nusu;
nusu ya pili ilikuja ikiwa barua pepe
ya kuishukuru "familia yetu" kwa uvumilivu.
Nilimwonyesha mwenye nyumba, pale Umoja. Aliisoma yote.
Akauliza, na kodi?

Kwa hiyo nakata. Kazi yangu ni kijungujiko na mkasi.
Nakata kitanda. Nakata jiko.
Nakata cherehani na awamu zake tatu.
Nakata "mmekula", ingawa kweli sijala,
na tangu Januari hakuna mtu wa jengo hili aliyeniuliza.

Saa moja kasoro dakika nne.
Kompyuta inazungusha kile kiduara chake.
Wangeci anapiga ukuta kutoka chumba cha urushaji:
"Nduta! Iko wapi?"
Inakuja. Inakuja, kama mshahara.

Na hapo, baada ya neno lake la mwisho, "basi,"
kuna sekunde mbili ambazo Syombua hasemi kitu.
Anakitazama kitasa. Anakizungusha.
Mlango hauna ukuta, na bado anakizungusha, polepole,
kama kuna mtoto amelala ndani.

Sikuzikata.

Zilipita hewani saa moja na dakika sita.
Baadaye ukaja ukuta mweupe, baba, binti, brashi,
wote wanacheka, rangi haiwadondoki.

Saa moja na nane:
Kulikuwa na pengo la sekunde mbili kwenye ubomoaji. Nani?

Nikaandika: mtandao. Nikafuta.
Nikaandika: mimi. Nikaiacha hapo bila kuituma,
kidole juu ya kioo,
mpaka Omoke akasukuma mlango kwa bega,
kutu ya tangi magotini, kamera kifuani.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Betri kwanza," akasema,
akiinama chini ya meza yangu kutafuta soketi.