Mama Mwenyekiti

Saa mbili na nusu, Kirumba. Luninga inawaka,
mama mkwe kashavua kandambili.
Huyo sasa, mama wa Sultani,
lulu kifuani, kilemba kama mnara,
anaongea Kiswahili kunishinda.

"Alinunuliwa," ananiambia, kama vile siangalii.
"Walimvusha bahari, wakambandua jina."
Kisha anatafuna mchembe, polepole.

Yeye walimvusha ziwa.
Alitoka Ukara na miaka tisa, juu ya magunia ya mihogo,
dhamana ya nyavu tatu babaye alizokopa.
Kwao aliitwa Nyabwire.
Waliompokea walisema jina linawakwama,
wakamwita Limi, yaani jua,
kwa kuwa aliamka kabla yake.

Leo mwanawe Masalu ni mwenyekiti wa wauza dagaa mwaloni.
Ana muhuri, kiti cha kuzunguka, simu mbili.
Lakini anayetaka kizimba haanzii ofisini.
Anapita uani kwangu, anachuchumaa mbele ya kigoda,
kilo mbili za sukari ndani ya kikapu,
na mama humuuliza hali za watoto, mmoja mmoja, kwa majina,
ndipo aseme, "Nitamwona."
Asubuhi muhuri unagonga.

Mwaka waliogoma wachuuzi
Masalu alitaka kuita askari.
Mama akapika sato kwa ndizi, akafunga mlango.
Sikusikia maneno. Nilisikia kijiko.
Kesho yake ushuru ukashuka shilingi mia mbili,
mwalo mzima ukaimba: mwenyekiti ana busara!

Mimi namchukia Jumatatu na Alhamisi.
Siku zilizobaki namsoma.

Usiku huu mama wa Sultani anakata roho.
Mwana analia, mawaziri wanahesabu funguo,
wake wanatazamana kama kuku wageni.
Nadhani mama naye atalia.
"Mjinga," anasema. "Hakumfundisha mtu."

Anafungua fundo la khanga.
Ufunguo wa ghala unaanguka mapajani mwangu,
bado una joto la tumbo lake.

"Kesho anakuja Fumbuka. Sukari usiipokee haraka.
Muulize kwanza yule binti yake wa mwisho, mwenye kifafa."

"Anaitwa nani?"

Ananitazama kwa muda mrefu,
tangazo la sabuni limeshaingia,
povu jeupe, jeupe, ukutani kote.

"Hilo," anasema, "ungekuwa unalijua."