Tuseme

Chaki ya kwanza ya muhula niliimaliza
kwa neno moja ubaoni: TUSEME.
Darasa zima likanyamaza.

Wamekuja na kanuni, zimeshindiliwa
kama viazi vya lumbesa, kilele kimeshonwa kwa kamba.
Uliza mzizi wa mlinganyo, wanajibu hujafunga mdomo.
Uliza mbeta ya ulanzi hujaa saa ngapi,
wanakodolea dirisha;
ukungu umeketi juu ya Gangilonga, nao hauna jibu.

"Mwalimu, umesahau kutupa namba," akasema Ngimbudzi.
Sijasahau. Ziko mianzini. Vaeni makoti.

Njia ya Tosamaganga, Februari, tope mpaka kwenye soksi.
Watu thelathini na wanane wameuzunguka mwanzi mmoja
kama wauguzi wapya.
Vestina kashika simu, anahesabu kwa sauti:
matone ishirini na manne kwa dakika,
dakika ya pili ishirini na matatu na nyuki mmoja.
"Nyuki tumwandike?"
Tuseme hayupo, nikamwambia,
ila kumbuka umemfukuza wewe.

Saa kumi jioni hadi kumi na mbili alfajiri,
mstari umenyooka, kasi haibadiliki,
matone ishirini ni mililita moja:
lita nzima na tone la juu. Wakapiga makofi.

Asubuhi mbeta ilikuwa na nusu na vidole viwili.

Hakuna aliyecheka. Kuna waliotafuta kifutio shambani.
Sikitu, mwenye mianzi, rika lao, aliyeishia la saba,
alikuwa ananoa kisu.
"Kidonda kinafunga usiku," akasema bila kugeuka.
"Kisingefunga, ningerudi kukichonga kila siku ya nini?"

Hapo ndipo mstari ulipoanza kupinda,
polepole, katika daftari la Ngimbudzi,
mchoro wa kwanza ambao hakuunakili popote.

Nilitaka kuwaambia mengi juu ya kosa,
namna ya kulibeba bila kulizika chini ya wino,
lakini mvua ikaanza,
na Chengula, wa nyuma kabisa,
ambaye tangu Novemba sijaisikia sauti yake,
akanyoosha mkono unaonukia mtogwa:

"Mwalimu, na yule aliyepita usiku akaonja,
tuseme yupo.
Tumpe herufi gani?"