Safu ya Upepo

Kazi yangu ni kuhesabu ndege.
Serikali ya Peru imenipa darubini, daftari la safu nne
na miezi mitatu mitatu juu ya mwamba
usio na mti, usio na kisima,
mweupe pe kwa mavi ya ndege wa karne na karne.
Harufu? Siku ya kwanza inakutoa machozi.
Siku ya arobaini unaijua pale tu
unaposhuka mjini ukaikosa.

Watu hudhani bahari hulisha kwa ukarimu wake.
Bahari haina ukarimu. Ina upepo.
Upepo wa kusini huambaa na pwani,
huyavuta maji ya juu kuyapeleka mbali na nchi
kama anayemfunua mvivu blanketi alfajiri,
na chini yake maji ya kilindini,
baridi, mazito kwa mabaki ya kila kilichowahi kufa,
huamka, yakapanda.
Yakionja jua huwa kijani.
Kijani huliwa na visivyoonekana,
visivyoonekana na dagaa, dagaa na mnandi,
na mnandi hunya hapa, miguuni pangu,
hata mkulima wa viazi, siku mbili kwa lori juu milimani,
akafukia kiganja cha mwamba wangu penye shina.
Ukimenya kiazi chake
unamenya upepo uliopita matumboni mwa wengi.

Desemba, tarehe tisa, niliandika: Upepo, hakuna.
Tarehe kumi: hakuna.
Tarehe kumi na moja nilishuka kusuuza shati,
nikautoa mkono upesi.
Maji yalikuwa vuguvugu,
kama chai aliyoisahau mtu.

Redioni, bwana mmoja wa Lima alieleza vizuri:
joto lililosukumwa miaka hadi ng'ambo ya Pasifiki
limepata upenyo, linarudi.
Alitaja nyuzi. Hakutaja makinda.

Dagaa walifuata baridi,
wakashuka chini kuliko mbizi ya mnandi.
Mnandi akarudi na koo tupu, akaenda tena, akarudi.
Niliandika: waliokufa, elfu tatu na mia mbili.
Kwa sauti zao sikuwa na safu.
Kisha asubuhi moja wazazi wakainuka wote,
kivuli kikapita juu ya kibanda changu dakika nzima,
kikaelekea kusini.
Usiseme hawakupenda.
Walipiga hesabu, kama mimi,
ila wao walikuwa ndani yake.

Jioni ile akapiga simu kaka yangu, Eustaquio Chapoñán,
mchunga mbuzi wa jangwa la Sechura,
mtu aliyewahi kumwonyesha mwanawe wingu
kama unavyomwonyesha mtoto ndege ya abiria.
"Herminia, kumenyesha! Siku sita!
Mchanga umeota nyasi, mbuzi wanalala wamesimama kwa shibe.
Na lile bonde la chumvi, mto umelijaa, ni ziwa,
ng'ambo yake sioni. Lina mkizi, Herminia.
Nimeuza beberu, nimenunua wavu.
Hebu nifundishe kufunga fundo."

Wahenga walimtia mkizi hasira, mvuvi wakampa tijara.
Lakini huyu hakukasirika na yeyote.
Maji yalimbeba tu,
maji yale yale yaliyoninyang'anya ndege.

Nilinyamaza mpaka akauliza kama laini imekatika.
Mlangoni kinda moja lilikuwa bado limefumbua mdomo
kuelekea chochote kinachosogea,
na kilichosogea kilikuwa mimi.
"Chukua ncha ya kushoto," nilimwambia,
"ipitishe chini, izungushe mara mbili,"
na vidole vyangu vikafunga hewa,
vikavuta, vikakaza.

Leo ni tarehe ishirini na tatu Aprili.
Mkono mmoja wa shati kambani umetikisika.
Huenda nililigusa nikipita.
Nimeandika: Upepo,
nikaweka kalamu juu ya ukurasa
usije ukajifunua.