Kwa Gwantwa, Aliyekuja na Miwani ya Jua

Vua kwanza hiyo miwani, Gwantwa.
Mwezi wa sita, ukungu umelala mpaka Kabwe,
nani avae miwani ya jua saa mbili asubuhi
asitazamwe na Mwanjelwa nzima?
Mpelelezi ni yule ambaye muuza viazi
akiulizwa jioni, "Alipita nani hapa?"
hujibu, "Hakupita mtu."

Keti. Kiti hicho mguu mmoja mfupi, egemea kulia.
Unaitaka kazi hii. Kidato cha tatu, umesema,
na hesabu huzipendi.
Zipende. Wezi wengi nimewakamata kwa kujumlisha
kuliko kwa kukimbia:
magunia arobaini yalitoka Isyonje,
thelathini na saba yakafika Uyole,
na dereva anaapa kwa kaburi la mama yake.
Mwache aape. Wewe jumlisha.

Jifunze kungoja. Si kungoja kwa abiria,
ni kungoja kwa mtu aliyebanwa na haja ndogo
na mlango anaoutazama bado haujafunguka.
Andika saa. Andika mvua ilianza lini.
"Nadhani" usiiandike,
haina miguu, haifiki mahakamani.
Na ukuta wa mtu usiuruke:
sheria ikikukuta upande wa pili
haitauliza ulikuwa unamtafuta nani.

Sasa hili.
Mama mmoja wa Soweto alinilipa wiki tatu
nimfuate mumewe, mwenye fuso mbili.
Kila Jumanne jioni, Iyunga,
kwa mwalimu mstaafu, mjane, fundi wa maandazi.
Mama alikwisha kuhukumu, alitaka picha tu.
Na mimi, sikufichi, nilikwisha kuhukumu.
Ila kwenye mfuko wa koti aliloniletea
mlikuwa na maganda ya penseli iliyochongwa.

Jumanne ya tatu pazia lilisahauliwa.
Nimesimama barabarani, tope hadi kifundoni,
nikamwona mzee wa fuso mbili,
miaka hamsini na miwili,
ulimi nje kidogo kama mtoto,
anaandika
ba, be, bi.

Ripoti yangu ilikuwa mstari mmoja: Anajifunza kusoma.
Mama akaikunja karatasi, akaikunjua.
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"kila asubuhi anafungua gazeti mbele yangu."
Akalia kuliko ambavyo angemlilia
huyo mwanamke aliyekuja kumtafuta.
Pesa ya picha nilimrudishia.

Ukiniuliza kama kazi hii inalipa,
kodi ya chumba hiki nadaiwa miezi miwili.
Ukiniuliza mengine, sijui; bado napeleleza.

Rudi Jumamosi, kichwa wazi, viatu visivyolia.
Pale chini umempita fundi cherehani.
Uje uniambie anakatia mkono upi,
na kwa nini leo hakunisalimu.
Sababu naijua.
Nataka kuona kama utaijua,
na ukishaijua,
kama utanyamaza.