Upande wa Ukutani

Alimleta ndani ya bomba la plastiki, lile la mafundi mifereji,
Agosti, saa nane mchana, Mtaa wa Honda, Ruwi,
lami inanata kwenye ndara.
"Mkunjue polepole," akasema Mzee Musabbah,
"ana miaka mia na ushei, na hajaolewa."

Nikamkunjua.
Manjano kwanza, bizari iliyomwagika,
kisha soksi nyeusi hadi juu ya goti,
kisha mkono umeshika kofia ya mwanamume,
na mdomo: doa moja jekundu,
mchoraji hakurudia.
Hana pua. Sikujua kama hana
mpaka nilipoitafuta.

Chini, herufi nene za Kijerumani
zimelewa, zinaegemeana.
Kilabu, akanisomea, cha chini ya ardhi,
ngazi kumi na moja, meza za bati,
mtu anaimba kumkejeli waziri
na polisi wa meza ya mbele anaandika kila neno
huku anacheka.
"Ulikuwapo?"
"Mwaka wa kumi na mbili? We mtoto!"

Yeye alifika Leipzig mwaka wa sitini na sita,
kijana wa Unguja, kapelekwa kusomea uchapaji,
koti la kuazima, mikono imelipita koti.
Wakampa jiwe la chokaa
ungedhani limechongwa Jabal Akhdar.
Unachora kwa mafuta, unalowesha kwa maji,
wino unamfuata nduguye mafuta, maji yanaukataa.
"Ugomvi ule ndio picha."
Kazi ikisha, unalisaga jiwe kwa mchanga
mpaka sura iondoke,
unachora mwingine.
Mwalimu wake alimwonyesha kwa kidole:
hapa alicheza huyu,
kisha ikapita sabuni,
kisha, mwaka wa kumi na nne,
askari kakodoa macho, nchi inakuita.
Jiwe lile lile.
Limepungua unene wa ukucha.

Akanyamaza. Kiyoyozi kikadondosha maji kwenye ndoo.

"Nahamia kwa mwanangu, Al-Khoud.
Watu wazuri, wananipenda.
Ila sura ukutani hawataki."
Akatoa kwapani kalenda ya benki,
ngome ya Nizwa, mwezi wa Machi.
"Hii mbele. Yeye nyuma.
Na nyuma pia weka kioo."
"Nani atatazama?"
"Ukuta. We weka."

Nikaweka. Fremu ya msaji, vioo viwili,
na juu ya cha nyuma karatasi ya kaki, nimeipiga pasi.
Riali kumi na mbili. Kioo cha pili sikumtoza.

Januari akaja mkwewe, Bi Ghaliya,
fremu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Waya umelegea, ngome inainama.
"Nzito mno hii," akasema, "kwa picha ya kalenda."
"Kioo kizuri," nikamjibu, nikaigeuza.

Kona moja ya kaki ilikuwa imebanduliwa,
si kwa unyevu, kwa wembe, mstari umenyooka,
ikabandikwa tena kwa plasta ya vidonda,
zile za watoto, zenye twiga.
Pembeni ya twiga, uzi wa manjano.

Nikatafuta koleo mahali ambapo halikuwepo.
"Mzee hajambo?"
"Hajambo, anakusalimu."
Akaweka riali moja juu ya kaunta,
akaivuta shela yake mbele kidogo.
"Kaza waya tu, fundi.
Hapo penye plasta usipaguse."